Mali Mkononi, Kufuli Mbali

Mtu akipita jioni katika baraza za Mombasa, kuanzia Makadara hata Kuze, kisha akavuka maji mpaka vijiwe vya Likoni, atasikia mambo matatu yakizungumzwa kana kwamba hayana nasaba: simu za mkopo ambazo vijana wamezipata kwa kulipa kidogo kidogo, pikipiki za umeme zinazopita barabarani bila ya kelele, na habari za mtandao kufungwa katika nchi jirani au kutiwa sheria katika nchi yetu wenyewe. Kila jambo lina wateteao na wapingao, na aghalabu mwenye kuisifu pikipiki ndiye huyo huyo mwenye kuilaani simu, na anayetaka serikali iutie mtandao hatamu ndiye wa kwanza kunung'unika bando lake likienda polepole. Nimezisikiliza rai hizo kwa muda mrefu, na kadiri nisikilizavyo ndivyo ninavyozidi kuyakinisha kwamba jambo ni moja. Vitu hivi tunavyovinunua na kuvitumia kutafutia riziki vina kufuli lisiloonekana, na ufunguo wa kufuli hilo haumo mkononi mwa mnunuzi. Nani aushike ufunguo huo, na kwa masharti gani, ndilo swali ambalo yafaa liulizwe kwa sauti sasa, kabla desturi haijakaa ikawa ndiyo sheria.

Biashara ya kumpa mtu kitu leo naye akakilipia kidogo kidogo ni kongwe, lakini biashara ya kumpa kitu ambacho muuzaji aweza kukizima akiwa mbali, kwetu sisi ilianza na taa za jua. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2011, iliwapa watu wa mashamba kisahani cha jua, taa na redio kwa arubuni ndogo, na baki ikawa yalipwa kwa shilingi chache kila siku kupitia M-Pesa, huduma iliyokuwa imezaliwa Machi 2007 na ambayo bila yake hakuna karani angeweza kuzikusanya shilingi hizo nyumba kwa nyumba. Ndani ya sanduku la taa mlitiwa laini ya simu, na kwa laini hiyo kampuni ilijua nani amelipa na nani hakulipa. Siku zilizolipiwa zikimalizika, taa haikuwaka mpaka deni liguswe tena. Fikira hiyo ilipofaulu katika taa ikahamia katika simu. Julai 2020 Safaricom pamoja na Google walitangaza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, uliomwezesha mtu kuchukua simu ya 4G kwa kulipa shilingi 20 kwa siku, na tangu hapo wauzaji wa namna hiyo wamezidi, hata leo ni shida kupita Mwembe Tayari bila ya kuitwa na kijana mwenye fulana ya kampuni akikuuliza kama una kitambulisho.

Insafu yataka niseme kwamba mpango huo umewafungulia njia watu wengi ambao milango ya benki ilikuwa haiwajui. Mama anayekaanga viazi karai kando ya barabara hana hati ya mshahara, hana kiwanja cha kuweka rahani, wala hana mdhamini mwenye cheo, na kabla ya siku hizi hakuna mtu mwenye akili ya biashara ambaye angemkabidhi kitu cha shilingi elfu kumi na tano kwa kumwamini uso wake tu. Leo anayo simu. Kwa simu hiyo apokea malipo, aagiza mafuta ya kupikia, na mwanawe asoma masomo yake usiku. Kijana mmoja mwenye duka aliniambia maneno ambayo nimeyapima na kuyaona ya kweli: "Ami, nikiliondoa kufuli, simu hizi nitawauzia walimu na askari peke yao." Kwa hiyo mimi si katika wale wanaotaka simu za mkopo zipigwe marufuku. Deni ni deni, na mwenye mali ana haki ya kulipwa mali yake.

Walakini haki ina mipaka, na mipaka hiyo niliiona kwa macho pale juu ya mteremko wa kivuko cha Likoni, saa moja asubuhi, wakati feri imetapika watu na waendeshaji bodaboda wamejipanga wakigombea abiria. Kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake ameishika simu kwa mikono miwili, na kioo chote cha simu kilikuwa kimejaa tangazo moja la kumwamrisha alipe. Alikuwa amekaa nyumbani siku kadhaa akimwuguza mtoto. Hakupata abiria, hakuweka fedha, na alfajiri ile kufuli lilikuwa limeteremka. Abiria wake wengi humwita kwa njia ya programu ya simu, na wale wa kila mwezi humtumia ujumbe wa WhatsApp, kwa hiyo fedha za kuilipia simu zilikuwa ndani ya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ndani ya simu. Akazunguka kwa wenziwe mpaka mmoja akamtumia kampuni malipo kutoka katika simu yake mwenyewe. Kisha wote wawili wakakitazama kioo kile kwa kitambo, hali abiria wakipita mbele yao na kupanda pikipiki za wengine, mpaka tangazo likaondoka. Sikumsikia akiilaani kampuni. Alisema tu, "Mzee, wangeniacha nifanye kazi leo, jioni ningewalipa." Nimekutana na hoja nyingi za wanasheria na wataalamu wa uchumi juu ya mikopo, na sijaona iliyo fupi na sahihi kuliko hiyo.

Wazee wetu waliijua rahani, na masharti yake yalikuwa wazi. Aliyekopesha alikishika kitu, bangili ya dhahabu au hati ya shamba la minazi, na aliyekopa alikikosa mpaka alipe; wote wawili walijua kitu kiko wapi, na kikipotea, aliyekishika alikuwa na jawabu la kutoa mbele ya kadhi. Biashara ya leo imeipindua hali hiyo. Mdaiwa ndiye akaaye na kitu, ndiye akitunzaye, ndiye atakayebeba hasara kikiibiwa au kikitumbukia baharini, ilhali amri ya kukitumia imebaki kwa mdai. Yu katika hali ya mpangaji ambaye komeo la chumba chake limetiwa upande wa nje. Na kwa kuwa komeo hilo huvutwa na mashine yenye kuhesabu tarehe, hakuna mtu wa kuambiwa kwamba mtoto alikuwa mgonjwa.

Sasa tuje katika pikipiki. Nataka nianze kwa kuisifu, maana yastahili sifa. Kila tarehe 14 ya mwezi Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli hutangaza bei mpya za mafuta, na usiku huo katika vijiwe vyote vya bodaboda watu huzisubiri habari hizo kama wasubirivyo habari za mwandamo. Sisi watu wa Mombasa tunayajua mafuta hayo yatokako, kwa kuwa twaziona meli zikiyateremsha Kipevu. Mtambo wa kuyasafishia wa Changamwe uliacha kazi mwaka 2013, na tangu hapo petroli yote inayochomwa nchini huingia ikiwa tayari, imenunuliwa kwa fedha za kigeni. Umeme wetu, kinyume cha hayo, sehemu yake kubwa yazaliwa nyumbani: mvuke wa Olkaria ambao umekuwa ukiendesha mitambo tangu 1981, maji ya mto Tana yanayopita bwawa baada ya bwawa, na upepo wa Turkana ambao mashamba yake yana uwezo wa megawati 310. Mwendeshaji anayetembelea umeme hutumia nguvu ya ardhi yake mwenyewe. Na hesabu ya mfukoni humwelekea pia, kwani hana oili ya kubadilisha, hana plagi ya kusafisha, hana kabureta ya kupeleka kwa fundi. Waendeshaji hutofautiana katika mengine. Wako wasemao kwamba haina nguvu ikipandishwa mlima na abiria wawili, na wako waapao kwamba yaipita Boksa ya petroli pale taa za barabarani zinapogeuka kijani. Mama mmoja wa Kisauni aliniambia kwamba ukimya wake wamwogopesha, kwa sababu watoto wamezoea kuikimbia pikipiki kwa kuisikia. Jambo hilo la mwisho ni la kweli na halijapewa uzito wake.

Lakini mwenye kutaka kuielewa pikipiki hiyo na akae kwa nusu saa katika kituo cha kubadilishia betri. Mwendeshaji huingia, huinua kiti, huchomoa waya mnene, kisha huinama na kulinyanyua betri kwa mkono mmoja, zito hata bega lake hulala upande. Huliweka mbele ya mhudumu, naye mhudumu hulisoma kwa simu yake, akajua ni asilimia ngapi ya umeme imebaki na ni kiasi gani cha kulipiwa. Katika kabati lenye vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na taa yake, hutolewa betri jingine lililojaa. Malipo hupita kwa M-Pesa, waya hurudishwa, kiti hushushwa, na mtu huondoka kabla mwenye kununua petroli katika kituo cha jirani hajafungua kifuniko cha tangi. Ni kazi nadhifu, na aliyeibuni alijua kwamba bodaboda hana saa nne za kungoja betri lijae. Shida huonekana jioni, wakati wa kurudi watu makazini, ambapo taa nyingi za kabati ni nyekundu na mstari wa pikipiki umefika barabarani, kila mwendeshaji akiwa na umeme wa kilomita chache na mji mzima mbele yake.

Katika mstari kama huo nilimwuliza mmoja wao betri lile ni la nani. Akanijibu, "Pikipiki ni yangu, ami, betri ni lao." Na ndivyo ulivyo mpango wa kampuni nyingi kubwa zifanyazo biashara hii katika Afrika Mashariki, tangu Ampersand ilipoanza Kigali mwaka 2019: mwendeshaji hununua chombo bila ya betri, kwa kuwa betri ndilo sehemu ya ghali, na kampuni hubaki na betri ikimkodisha umeme uliomo. Kwa mwenye mtaji mdogo ni auni kubwa, kwani bei ya kuanzia hushuka. Lakini petroli aweza kuinunua popote, hata kwenye chupa iliyotungikwa kando ya njia ya Kwale, ilhali betri la kampuni moja haliingii katika kiti cha pikipiki ya kampuni nyingine. Bei ya kubadilisha hupangwa na mwenye betri peke yake. Betri lina chombo ndani yake kinachosema liko wapi, na lina njia ya kuzimwa. Kampuni ikiamua kukifunga kituo cha mtaa fulani kwa kuwa hakileti faida, waendeshaji wa mtaa huo hubaki na vyuma vyenye magurudumu. Kuna waundaji, mathalan Roam wa Nairobi, ambao pikipiki yao yaweza kuchajiwa nyumbani katika soketi ya kawaida, na kwa rai yangu njia hiyo ilistahili kupewa nguvu zaidi na serikali, ijapokuwa ni ya polepole, kwa sababu mtu anayechaji nyumbani kwake usiku haombi ruhusa ya mtu.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la watu wachache wapendao vitu vipya. Rwanda iliamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme tu, na Ethiopia ilizuia mwaka 2024 kuingizwa kwa magari ya petroli na dizeli. Siku itafika ambapo Mombasa nayo itaamua, na mimi nitafurahi ifike, kwa ajili ya mapafu ya watu wa Kongowea na Changamwe. Lakini sheria itakayomwamuru mtu kuiacha petroli ni lazima imhakikishie kwanza kwamba hamwondoi katika soko lenye wauzaji wengi na kumtia katika mkono wa muuzaji mmoja.

Wala hatuna haja ya kubuni insafu upya. Huko Uingereza, katika miaka ya dhiki kabla ya Vita Vikuu vya Pili, watu maskini walinunua makabati na vyerehani kwa awamu, wakalipa sehemu kubwa ya bei, kisha wakakwama juma moja au mawili, na muuzaji akaja na gari akavibeba vyote na kwenda kuviuza tena, huku malipo yote ya nyuma yakawa yamepotea. Mbunge mmoja mwanamke, Ellen Wilkinson wa Jarrow, mji uliokuwa umekumbwa na ukosefu wa kazi, alipeleka mswada juu ya dhuluma hiyo, na mwaka 1938 ukawa sheria: mnunuzi akiisha lipa theluthi moja, kitu chake hakitwaliwi ila kwa amri ya mahakama. Kenya ilipotunga sheria yake ya mauzo ya awamu mwaka 1968 ilifuata njia hiyo hiyo, ijapokuwa kwa mkono mzito zaidi, maana yetu yataka mnunuzi awe ameshalipa theluthi mbili kabla kinga hiyo haijamfikia. Sheria zote mbili zilitungwa katika zama ambazo kutwaa kitu kulikuwa ni kutuma watu mlangoni kwa mdaiwa, majirani wakiona, na polisi wakaweza kuitwa. Kufuli la mbali halitumi mtu. Kitu hubaki mezani kwa mnunuzi, wala hakuna awezaye kusema kimechukuliwa, na hata hivyo hakimfai kitu. Mimi nashikilia kwamba kumzimia mtu simu, au betri la pikipiki yake, baada ya kulipa theluthi mbili ya bei ya chombo ni kutwaa kama kutwaa kwingine, na Bunge halina budi kuliandika hilo kwa maneno yasiyo na utata.

Mtu asiseme kwamba sheria haiwezi kuifikia mikopo ya mitandaoni. Palikuwa na wakati ambapo wakopeshaji wa simu waliingia katika orodha ya majina ya mdaiwa, wakampigia mkwe wake na mwajiri wake na imamu wake kuwaambia kwamba fulani hakulipa elfu mbili. Fedheha ile ilivunja nyumba. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na baada yake kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022, ziliwakataza kufanya hivyo na kuwataka wawe na leseni. Ikiwa dola iliweza kuilinda heshima ya mdaiwa, yaweza pia kukilinda chombo chake cha kazi.

Huenda msomaji akauliza mtandao waingiaje katika mambo haya. Waingia kwa sababu serikali nazo zina ufunguo wa aina ile ile. Usiku wa 30 Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu bandia zikatwe, na Juni 2016 Tanzania ikafanya vivyo hivyo. Watu walioamka na kukuta simu zao hazishiki mtandao walikuwa wamezinunua dukani mchana kweupe kwa fedha taslimu, wengine bila ya kujua kwamba ni bandia, na hasara ikawaangukia wao badala ya waliowauzia. Kutoka katika kuzima simu moja moja kwenda katika kuzima nchi nzima umbali si mkubwa. Kongo ya Kinshasa ilifunga intaneti tangu 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa muda wa majuma matatu hivi. Uganda iliifunga Januari 2021 watu walipokuwa wakienda kupiga kura. Tanzania ikaifunga siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na ikakaa siku kadhaa kabla ya kurejea.

Siku hizo za mwisho tulizihisi hapa kama zilizo zetu. Mombasa na Tanga ni watu wamoja. Hakuna mtaa wa Mji wa Kale usio na binti aliyeolewa Tanga, au mjomba aliyehamia Pemba, au kijana afanyaye biashara Kariakoo. Ujumbe ulitumwa ukabaki na alama moja, hauendi. Wenye salio la kupiga simu za nje walipiga, na mwenye kumpata jamaa yake alizunguka kwa majirani kuwaambia kwamba fulani na fulani wazima. Mama niliyemjua tangu utoto alikaa kibarazani na simu mapajani kutoka adhuhuri hata isha, akimngoja mwanawe aliye Dar es Salaam, na kila mpita njia aliyemuuliza habari alimjibu kwa kuitazama simu. Aliyeifunga njia ile huko mbali hakuwa na ugomvi wowote na mama huyo, wala jina lake halikumpitikia.

Nayaheshimu mawazo ya wale wanaotaka mtandao udhibitiwe. Mzee mmoja wa Kibokoni, mtu wa dini na elimu, husema kila mara kwamba mambo yaingiayo katika simu za watoto ni sumu, na matapeli wamewamaliza wajane kwa ujumbe wa uongo; yote mawili ni kweli, na Kenya inayo sheria ya makosa ya kompyuta tangu 2018 ambayo yatosha kumshika mtu mmoja mmoja aliyetenda uovu, ikitumiwa kwa uadilifu wala isigeuzwe fimbo ya kuwachapia wenye kuikosoa serikali. Ninachokikataa ni adhabu ya jumla. Novemba 2023, wakati wa mitihani ya sekondari, Telegram ilizuiwa nchini kwa ajili ya walioiba karatasi za mitihani, na mwaka uliofuata ikazuiwa tena, na katika siku hizo muuza mitumba wa Kongowea aliyekuwa akiwatumia wateja wake picha kwa njia hiyo alikuwa amefungiwa duka kwa kosa la mwanafunzi asiyemjua. Mahakama zimeanza kuliona hilo. Juni 2020 Mahakama ya Jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi iliamua kwamba Togo ilivunja haki za watu kwa kuifunga intaneti mwaka 2017, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa amri ya muda ya kuizuia serikali kuukatiza mtandao wakati kesi iliyofunguliwa na watetezi wa haki na waandishi ikisubiri kusikizwa.

Kile ambacho mahakama zimeanza kukidai kwa serikali, ndicho ninachokidai kwa wauzaji: avutaye komeo awe mtu wa kuulizwa, na mwenye kufungiwa awe amesikizwa. Mkataba wa simu au wa betri uandikwe kwa Kiswahili, na aliyeuza auseme kwa mdomo kabla hajapokea arubuni, maana nimeona mikataba ya Kiingereza cha mahakamani ikiwekewa kidole na watu ambao hata jina la kampuni hawakuweza kulisoma. Mwenye kuchelewa apewe siku za kujieleza, na apewe binadamu wa kumweleza. Simu iliyofungwa iache wazi njia ya kupiga na kupokea, na mlango wa M-Pesa, kwa kuwa kumnyima mtu kauli na mfuko wake si namna ya kudai deni. Kwa upande wa betri, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lina kazi ambayo haingoji muujiza: kuweka kipimo kimoja cha umbo, cha waya na cha lugha ambayo betri huzungumza na pikipiki, ili kabati la kampuni yoyote limfae mwendeshaji yeyote, kama ilivyo pampu ya petroli. Kampuni zitalalamika, na zina haki ya kulipwa gharama zao, lakini zilikuja kuuza usafiri, na barabara ni ya umma.

Kuna jambo moja ambalo sijasikia likizungumzwa barazani wala bungeni, nalo lanitia wasiwasi kuliko mengine yote. Kampuni hufa. Nyingi katika hizi ni changa, zaendeshwa kwa fedha za wawekezaji wa ng'ambo, ambao wakichoka huondoka bila ya kuaga. Siku kampuni ikifilisika, mashine yake yenye kuhesabu tarehe na kufungua makufuli itazimwa, na simu ambazo watu wamezilipa mpaka mwisho, na betri ambazo zingali nzima, zaweza kubaki zimefungwa milele kwa kukosa tu wa kuzifungua. Wenye hisa wana sheria ya kuwalinda katika mufilisi, na benki zina sheria. Mwendeshaji wa bodaboda na muuza viazi hawana lolote. Yafaa iwe sharti la leseni kwamba kila kampuni iuzayo vitu vyenye kufuli la mbali iweke amana ya funguo zake kwa mamlaka ya serikali, zikiwa katika hali ya kuweza kutumika na mtu mwingine, na siku mahakama itakapomteua msimamizi wa mufilisi funguo hizo akabidhiwe pamoja na vitabu vya hesabu, naye amfungulie kila aliyemaliza deni lake kabla hajawagawia wadai wakubwa senti ya kwanza.